Fomu ya Bwana Emuria

Shadrack Opondo alikuwa na jicho la mwewe kwa kitu chochote cha bure kinachoweza kuuzwa. Siku aliyofukuzwa utarishi katika ofisi za serikali pale Lodwar, mwaka wa sabini na saba, alikuta barazani rundo la fomu za malalamiko ya wafanyakazi, na juu yake kibao: Chukua moja, bila malipo. Shadrack alichukua mia mbili. Hakupenda kuudharau ukarimu wa serikali.

Sheria yenyewe alikuwa ameisikia mara nyingi akiwa amesimama mlangoni na birika la chai. Mtu akifukuzwa bila notisi, anajaza fomu, fomu inakwenda kwa afisa wa kazi. Afisa anamwita mwajiri, anawasikiliza wote wawili, anapiga hesabu. Mwajiri akikaidi, shauri linapelekwa mahakamani. Mlalamikaji halipi hata senti. Hapo Shadrack aliona wazi kwamba serikali imesahau kitu, akaamua kuisaidia.

Alipanda lori la mahindi hadi Kakuma, akakodi meza na viti viwili, akavaa tai. Kwa kuwa hakujua Kiturkana hata cha kuombea maji, alimwajiri mkalimani, Lokeno, mtu mzima mpole aliyewahi kuwapikia wamisionari.

"Utafsiri neno kwa neno," Shadrack alimwonya. "Usiongeze lako, usipunguze langu."

"Sawa tu," alisema Lokeno. "Yangu nakaa kwa tumbo."

Bei ilikuwa mbuzi mmoja kwa fomu moja. Fomu ikishajazwa kwa mwandiko mzuri wa kulala, iliingia sandukuni na kulala huko huko. Kisha Shadrack alimtembelea mwajiri aliyeshtakiwa.

"Bwana Josiah," alimwambia mwenye duka mmoja, "kuna fomu ina jina lako. Inaweza kufika kwa afisa, na inaweza kupotea. Wewe mwenyewe unaujua upepo wa Kakuma."

Josiah aliujua upepo huo, akatoa kitu kidogo. Wengine pia walitoa. Msomaji asimlaumu sana Shadrack kwa kula huku na huku. Wako watu wanaokula upande mmoja tu na bado hawashibi.

Mbuzi wake walichungwa nje ya mji na mtu aitwaye Akuwam, aliyetafutwa na Lokeno kwa ahadi ya mbuzi watatu kila mwezi. Shadrack hakuwahi kumwona wala kumuuliza jina. Kule kulikuwa na vumbi, na tai ilikuwa moja.

Jambo jingine asilolijua ni hili: watu wa pale wana desturi ya kumpa jina mgeni akishakaa, naye walikuwa wamempa lake zamani. Kakuma nzima ilimwita Emuria. Hakuna aliyemwambia, kwani nani angedhani mtu mzima halijui jina lake mwenyewe?

Baada ya miezi sita mbuzi walifika ishirini na sita. Ijumaa lori lingewachukua hadi Kitale, wauzwe, na Shadrack afungue baa kwao Kisumu. Aliiota baa hiyo mpaka rangi ya viti. Kilichobaki ni mchungaji na mshahara wake wa miezi sita.

"Mwambie yule mchungaji kazi imekwisha," alimwagiza Lokeno. "Alete mbuzi wote Ijumaa. Mambo ya mshahara, tutaongea."

"Naongea lini?"

"Tutaongea tu. Mwambie hivyo hivyo."

Lokeno alikwenda, akasema hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata mteja alifika mezani akivuta mbuzi. "Ejok," alisalimu, akaketi. Alikuwa Akuwam. Shadrack hakumtambua yeye, wala hakumtambua mbuzi, ingawa alikuwa mbuzi wake mwenyewe.

"Anasema amefukuzwa," Lokeno alitafsiri. "Alichunga miezi sita. Hakulipwa hata mkia."

"Mwajiri ni nani?"

"Emuria."

Shadrack aliandika: Emuria. "Alipewa notisi?"

"Hakupewa."

"Siku ya kupumzika?"

"Mbuzi nakula kila siku, na yeye nachunga kila siku."

"Mungu wangu!" Shadrack alipandwa na hasira ya kweli, ile hasira safi ya mtu anayemwona mwizi mwenzake hana haya. Akaongeza mwezi wa notisi, akaongeza likizo, akaongeza siku za mapumziko. "Huyu Emuria ni mnyonyaji! Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Kakuma."

"Ana mali?"

"Iko na mbuzi ishirini na sita."

"Nitamkamua," alinong'ona Shadrack, "mpaka maziwa yaishe." Na kwa furaha akatia sahihi chini kama shahidi, akathibitisha kwamba kila neno ni kweli. Mbuzi wa ada akamfunga kwenye mguu wa meza, akajihesabia ishirini na saba.

Alhamisi, bila kubisha hodi, Land Rover ya serikali iliingia. Afisa wa kazi, Bwana Kiplagat, alikuwa katika ziara. Kabla Shadrack hajalificha sanduku, Lokeno alikuwa amelibeba hadi ofisi ya chifu, Shadrack akimkimbilia nyuma, na kulifungua mezani kwa afisa. Fomu ya juu kabisa ilikuwa ya Akuwam.

"Emuria ni nani?" aliuliza Kiplagat.

Ofisi nzima, pamoja na chifu, ilimnyooshea kidole Shadrack.

"Mimi?" Alimgeukia Lokeno, jasho likimtiririka. "Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Ulikataza kuongeza yangu."

"Mwandiko huu ni wako?" aliuliza Kiplagat. "Na sahihi? Sijawahi kuona mwajiri mkweli namna hii. Na hizi fomu nyingine ishirini na sita, ulizijaza kwa malipo?"

Shadrack aliiona njia ikigawanyika. Upande mmoja jela, upande mwingine mbuzi. Moyo ulimuuma, kwa kweli ulimuuma.

"Bure, mzee. Nilijitolea tu."

"Vizuri sana. Waajiri wote nitawaita kesho. Chifu, wape habari walalamikaji." Kiplagat akapiga hesabu: mshahara, notisi, likizo, mapumziko. "Mbuzi ishirini na watano, kwa Akuwam. Wanaobaki ni wako."

"Wawili," alisema Shadrack kwa sauti ya mgonjwa.

"Mmoja," alisema Lokeno. "Yule mbuzi ya ada ilikuwa yako."

Alipotoka akivuta mbuzi wake wa mwisho, alikuta umati umemzunguka: wateja wake wote, na fimbo mikononi, wakipiga kelele kwa Kiturkana. Walizidi kusogea. Mmoja alimtikisa bega kwa nguvu.

"Lokeno! Wanasema nini?"

Lokeno alikunja mikono. "Kazi imekwisha, wewe mwenyewe nasema. Sasa kutafsiri ni mbuzi moja."

Fimbo zilikuwa juu. Shadrack alimtupia kamba.

Lokeno aliipokea, akamfunga mbuzi polepole kwenye nguzo, kisha akasikiliza kwa makini kama anavyopaswa mkalimani.

"Wanasema asante."