Pikapu ya Harusi ya Eufrasia

Jumatatu, 10 Julai 1995
Pikapu imefika! Ya mnunuzi wa pamba aliyerudi kwao Mwanza. Siku hizi kila mwenye mzani ananunua pamba, ushirika umetupunguza makarani, basi na mimi nimeingia soko huria. Nimempa ng'ombe wanne wa mahari ya binti yangu Eufrasia. Mke wangu Monika amenikumbusha kwamba ng'ombe hao ni wa kumwozea Josia, kaka mtu. Nikamwambia Josia asiwe na haraka. Hajacheka.

Harusi Jumamosi. Binti yangu hatapanda mkokoteni wa shemeji Mayige. Nimesema!

Jumanne, 11 Julai
Nimepaka pikapu rangi ya bluu. Rangi ikabaki. Nikang'oa feni ya injini, nikaipaka nayo, nikairudisha. Wageni wakichungulia waone usafi.

Jioni nimeijaribu njia ya Nyashimo. Imekimbia vizuri mno! Kurudi, nikapita sokoni polepole ili watu wanione. Mvuke! Imechemsha mbele ya Mayige. Akauliza kama nimeanza kupika wali wa harusi. Mpuuzi.

Jumatano, 12 Julai
Kwa fundi Masalu, Somanda. Ameongeza maji, ametoa themostati, amezibua rejeta. Bado. Akasema hajaelewa: ikikimbia inapoa, ikienda polepole inachemsha. Ikikimbia upepo unaingia wenyewe, ikienda polepole ni kazi ya feni. Na feni inazunguka. Akauliza mara mbili kama kuna kitu nilichokigusa. Nikasema sijagusa. Akauliza nani kaipaka feni rangi. Nikamsingizia mnunuzi wa Mwanza. Karani mzima, miaka kumi na tisa ya kupima pamba, nitakirije kwamba nilitaka feni ipendeze?

Ijumaa, 14 Julai
Eufrasia amekuja kukaa nami nje. Akasema gari si lazima. Anachotaka ni kimoja tu: akina mama watakapomkabidhi getini kwa mkwewe, mzee Nyanda, mimi niwe nimemshika mkono. Anaogopa kuingia peke yake. Nikamwahidi. Nikamwahidi na gari pia.

Nina mbinu. Nitakwenda kasi!

Jumamosi, 15 Julai
Sikufikiria jambo moja. Akina mama hutangulia wakiimba na kucheza, na gari la bibi harusi hufuata nyuma yao. Kutoka kanisani mpaka kwa mzee Nyanda, alikotangulia bwana harusi, ni nusu saa kwa miguu, na kwa kucheza ni saa moja na nusu.

Niliwapita kwa kasi, nikageuza, nikawapita tena. Vumbi tupu. Mara ya tatu Monika mwenyewe akasimama katikati ya njia, akaniamuru nifuate nyuma kama watu. Nikafuata. Mvuke ukaanza kabla hatujafika nusu ya njia.

Eufrasia akasema, bhabha, tushuke tutembee. Nikamwambia dakika mbili. Akasubiri. Baada ya muda akasema tena. Nikamwambia dakika mbili, maji yanakuja. Kisha Mayige akafika na mkokoteni wake, ng'ombe wamefungwa vitambaa vyeupe kwenye pembe. Mwanangu akanitazama. Nilikuwa nimeshika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Nikasema watangulie, nitawakuta.

Vigelegele vya getini nilivisikia nikiwa bado nimeinama kwenye boneti. Aliyemshika mkono ni Mayige. Nililia pale barabarani, mtu wa umri wangu.

Jumatatu, 17 Julai
Nimemwambia Masalu kila kitu. Hakunisema. Akafungua feni, akaigeuza, akaifunga. Niliirudisha kinyume, mgongo ukawa mbele, ikawa inazunguka bila kuvuta upepo wa maana. Robo saa tu! Tumezunguka soko polepole mara tano, imepoa kabisa. Ningesema kweli Jumatano, Jumamosi ningekuwa getini. Siku ile hairudi. Najuta sana.

Jumapili, 23 Julai
Nimekwenda kumwomba Eufrasia radhi. Kwa miguu! Maneno niliyaandaa tangu Alhamisi, nikayarudia njia nzima: mwanangu, nilichagua gari nikakuacha wewe.

Ameniona kwa mbali, akakimbia kunipokea. Akasema kuku yuko jikoni, na kwamba ana neno la kunieleza akishaandaa. Nikasema na mimi ninalo.

Nikamngoja uani. Uani kwa mzee Nyanda kuna trekta. Bovu, lina miaka minne halijawaka. Mzee akasema mafundi watatu wameshindwa. Watatu! Nikavua koti nichungulie kidogo tu. Eufrasia alikuja kuniita, nikamwambia naja. Akaja tena. Nilipotoka chini ya trekta jua limezama, kuku amepoa, na macho yake ni yale yale ya Jumamosi ya harusi. Nimerudi na maneno yangu yote, na neno lake sikulisikia.

Nitamwomba radhi Jumapili ijayo. Trekta likishawaka.