Sauti ya Hayat Kidakani

Jumamosi, 8 Februari

Nimechoka na siku haijaanza. Alhamisi mjukuu wangu Swafiya anapambwa kwa arusi yake, na nimeahidi mbele ya wanawake wa mtaa: atamsikia mamake akimwimbia. Wimbo umo simuni. Hayat, mwanangu, Mungu amrehemu, aliuimba miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi mmoja kabla ya kutuacha. Shida ni simu. Hayat anatoka humo kama mbu ndani ya chupa.

Mbu si neno langu. Ni la Bi Mwanamkisi, jirani wa ukuta mmoja. Akasema atatuazima spika aliyoletewa na mwanawe, jitu kubwa kama kichwa cha punda. Nikamwambia, mwanangu hataimbia ndani ya mashine ya mtu aliyesema mkate wangu wa sinia wakwama kooni. Akasema wakwama kweli. Ajuza!

Jumapili, 9 Februari

Simu nimeitia ndani ya sufuria la pilau. Sauti imekua, alhamdulillahi, lakini Hayat anaimba kama aliyetumbukia birika la chooni, lile tangi la maji.

Nikajaribu mtungi. Mkono ukaingia na simu. Kutoka, vyote viwili vikakataa. Swafiya akaniambia, bibi, iachie simu kwanza. Sikuiachia. Akanipaka mafuta ya nazi hadi kiwiko, akicheka mpaka akakaa chini. Angalau bibi arusi amecheka.

Jumatatu, 10 Februari

Nimewaza. Nguo hufukizwa. Nywele hufukizwa. Bibi arusi hufukizwa udi hadi unyayoni. Simu ina kosa gani? Nikaishika juu ya chetezo mpaka vidole vikaniungua. Yanukia, mashallah! Lakini sasa Hayat anaimba chini ya godoro.

Magoti yangu haya, na ndia ile ndefu, mpaka kwa Hussam fundi simu. Akainusa. Akauliza, na hii yaolewa lini? Akavua kava la mpira, akasugua vitundu vya sauti kwa kijibrashi kikavu, masizi yakatoka. Akasema kava lilikuwa limeziba nusu ya tundu, sauti ingepitia wapi. Akasema moshi nisiurudie, nitampoteza Hayat na wimbo wake. Akasema tena, simu hata ikiwa nzima haitoshi chumba cha wanawake, nitafute spika.

Ametumwa na Mwanamkisi huyu.

Jumatano, 12 Februari

Nimepata! Skuli sikukanyaga, lakini nyumba hii naijua. Simu nimeiweka kidakani, kile kishubaka cha ukutani cha vyombo vya kigeni. Vikombe nje, Hayat ndani. Sauti ikaja nene, ya mtu mwenye kifua. Nikakaa kitako kidogo.

Kumbe ukuta wa kidaka ndio ukuta wa Mwanamkisi. Alikuwa akitwanga. Wimbo ulipoanza, kinu kikanyamaza. Ulipokwisha, kikaendelea. Mdukuzi! Nikaurudia mara tano. Mara tano kinu kikanyamaza. Nikafurahi, leo kwake chakula cha mchana watakula magharibi.

Alhamisi, 13 Februari

Baada ya alasiri nyumba ikajaa. Wanawake sitini, na kila mmoja ana jambo la kumwambia mwenziwe. Swafiya amekaa juu, hina mpaka viwikoni, hata mimi nilimwogopa kwa uzuri. Nikabonyeza simu kidakani.

Hakuna aliyesikia. Nikapiga kelele wanyamaze. Wakanyamaza wa mbele, wa nyuma wakauliza kuna nini. Swafiya akainamisha kichwa kuelekea kidaka, akatega sikio, akatega tena. Kisha akanitazama, akatikisa kichwa. Nikatamani ukuta unimeze.

Hapo akaingia Mwanamkisi, spika kichwani, imefunikwa leso. Hakuamkia mtu. Akaniambia nisogee. Akasema, hili ziwa langu ndilo lililomnyonyesha Hayat siku arubaini ulipokuwa na homa, sasa mwanangu asiimbe kwa sababu ya mkate wako?

Nikasogea.

Hayat akajaa chumba kizima, mpaka kwenye boriti. Hapakusikika hata bangili. Na katikati ya wimbo, nyuma ya sauti yake, tukasikia tusichowahi kusikia kwenye simu. Wanawake wawili jikoni. Mmoja anasema mkate haujaiva. Mwingine anasema umeiva, macho yako ndiyo mabichi. Kisha wanacheka wote wawili, kicheko cha kuumiza mbavu, na Hayat naye anacheka, anapoteza neno, anaanza upya.

Ni mimi na Mwanamkisi.

Swafiya alilia mpaka wanja ukashuka. Tukampamba upya. Mwanamkisi alinishika mkono, akaubana, hakuuachia mpaka wanawake walipoanza wimbo wa pili.

Jumamosi, 15 Februari

Nyumba tupu. Swafiya yuko kwa mumewe. Mwanamkisi ameniachia spika, amesema nikae nayo nimsikilize Hayat nitakavyo, yeye atasikia kupitia ukuta. Nikampelekea mkate wa sinia. Akaula wote. Akasema wakwama.

Nikaona siku ya kuirudisha si adabu chombo cha mtu kurudi kitupu. Nikaitia spika udi, kwa heshima, vyetezo viwili. Sasa inakohoa. Kinu cha upande wa pili wa ukuta kimenyamaza, kinangoja.

Najua kosa liko wapi. Udi ulikuwa haba.