Vikombe Saba Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Nimempata mshirika! Wageni wa kampuni watakuja Jumamosi kutia saini mkataba wa kushonewa sare, kwa masharti mawili: niwe na mshirika mwenyeji, na mafundi wangu sita wawepo kazini. Nimewahoji watu watano. Wanne waliuliza maswali. Wa tano alitazama cherehani, akaitikia kwa kichwa. Nimemchagua huyo. Asiyeuliza hasumbui. Mke wangu amesema kwamba nimechagua mshirika kama mtu anayechagua kabati. Wivu!

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua karakana saa moja asubuhi. Bwana Kimya, ndivyo nilivyompachika jina mshirika wangu, alikuwa ndani tayari. Ufunguo ni mmoja tu, nao hukaa mfukoni mwangu. Sikumwuliza. Mkurugenzi haulizi. Alikuwa akifuta vikombe vya chai: sita vya mafundi na cha saba changu, kila kimoja msumarini pake. Baadaye nimemsikia akimwuliza fundi wa vifungo kama mama yake ameanza kutembea. Amejuaje? Fundi huyo yuko nami miaka tisa, na sikujua kwamba ana mama.

Jumatano, 6 Machi
Kikombe cha fundi wa vifungo hakipo. Fundi mwenyewe hayupo. Dawa ni nidhamu! Nimetangaza kwamba anayekwenda chooni aandike daftarini. Mama Mkasi, ndivyo ninavyomwandika humu mkata vitambaa wangu, ameniuliza kama na pumzi zao nitaziandika, mzee mzima mimi. Nimemjibu kwamba nitalifikiria.

Alhamisi, 7 Machi
Vimebaki vikombe viwili: cha Mama Mkasi na changu. Nyuma ya ukuta cherehani zinalia. Huko ni ghala, tupu tangu mwenye ghala alipofariki. Nimetega sikio ukutani. Zikanyamaza zote kwa pamoja. Nikaondoa sikio. Zikaanza. Nilipogeuka, Bwana Kimya alikuwa nyuma yangu, akinitazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Ijumaa, 8 Machi
Mama Mkasi amechukua kikombe chake mbele ya macho yangu. Nimemwahidi cheo kipya. Amesema kwamba kwa miaka kumi na miwili nimemwita "wewe", ilhali yule bwana alimwita kwa jina lake siku ya kwanza. Jambo dogo! Nikafungua kinywa nimwite kwa jina, abaki.
Halikuja.

Jumamosi, 9 Machi
Wageni wamefika. Wamepita mlangoni pangu kana kwamba hapana mlango. Nimewafuata mpaka ghalani. Cherehani sita, mafundi sita, vikombe sita misumarini. Bwana Kimya anatia saini. Nikasalimu. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikasalimu tena, kwa sauti ya mkurugenzi. Mama Mkasi akaenda kufunga dirisha, akisema kwamba leo upepo ni mkali.

Jumapili, 10 Machi
Karakana tupu. Kikombe changu nacho hakipo. Msumari bado unatikisika. Nimetafakari kwa makini na kosa nimeliona: Bwana Kimya alikuwa msemaji mno. Nimeandika tangazo, anatafutwa mshirika mkimya zaidi, nikalibandika mlangoni kwa nje, nikaingia na kujifungia kwa ufunguo.
Nilipogeuka, kuna mtu amekaa kwenye kiti changu. Hajauliza swali hata moja.
Nimemchagua.