Kuhusu Tangi Lenu la Swali la Saba

Kwa Mtunzi wa Mtihani wa Hisabati, Kidato cha Nne,
Popote ulipo penye maji.

Ndugu Mtunzi,

Shikamoo. Kama wewe ni mdogo kwangu, basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni Scholastika, Mama Wema, mwalimu wa chekechea hapa Newala, huu mwaka wa kumi na tisa. Watoto niliowafundisha kushika penseli wamekwenda chuo kikuu, mimi nabaki kuwapungia mkono stendi. Nami nataka kwenda, nasema bila haya. Chuo kimenijibu vizuri: nafasi ipo, lete tu D ya Hisabati. Nimerudia mtihani mara mbili, na mara zote mbili nimepata F. Naomba kulalamika kwa adabu kama ifuatavyo.

1. Mtihani unafanyika Novemba. Novemba korosho zinadondoka, na korosho ikishadondoka haimsubiri mtu, ikinyeshewa, imeharibika. Mwaka jana niliingia chumba cha mtihani nimetoka kuokota, vidole vinanata maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, karatasi ikagoma kuachia mkono. Msimamizi alidhani nataka kuondoka nayo. Kati ya mtihani na mkorosho, mmoja asogee. Mkorosho nimeshauomba, umekataa.

2. Swali la saba. Bomba la juu linajaza tangi kwa saa nne, bomba la chini linalikausha kwa saa sita, yote mawili yamefunguliwa. Litajaa kwa saa ngapi? Ndugu yangu! Newala hii, tunakoamka kupanga ndoo, nani kaacha bomba la chini wazi? Nilijibu kama mtu mzima: funga kwanza bomba la chini, kisha mtafute aliyelifungua. Nikapewa sifuri. Huku kwetu jibu lile lingenipatia uenyekiti wa kamati ya maji.

3. Mwalimu wangu wa tuisheni ni Hamudi. Huyu Hamudi nilimfuta makamasi mimi, nikamfundisha kuhesabu hadi kumi kwa korosho za kukaanga, akala tatu. Leo ananiambia, "Shikamoo Mama Wema, umekosa zote." Shikamoo na kukosa zote, kwa mpigo! Naumia.

4. Isitoshe, hesabu zenyewe hazina kazi. Nimelima, nimelea, nimefundisha, na tangi lenu sijakutana nalo hata siku moja.

Kwa hiyo naomba mtihani usogezwe hadi Mei. Ikishindikana, umri uhesabiwe kama alama. Ikishindikana, Hisabati ifutwe nchi nzima. Na hilo nalo likishindikana, uje mwenyewe Newala wiki moja. Ndoo nitakuazima.

Nisalimie wote ofisini, na mama yako mzazi, na hata yule anayesahihisha, ingawa kwake sina la ziada. Mume wangu Silvesta anakusalimu, anasema nimezidi ubishi.

Wako katika kurudia,
Scholastika (Mama Wema)

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Jana kwenye foleni ya maji jirani yangu Dorika aliniuliza, "Mama Wema, na sisi wa nyuma tutapata?" Nikatazama tangi la mtaa: zimebaki ndoo ishirini, bomba linaingiza ndoo mbili kwa dakika, koki zinatoa tatu. Nikamwambia bila kalamu: linapungua ndoo moja kila dakika, kwa hiyo litakauka baada ya dakika ishirini, na likikauka koki hufungwa hadi kesho, basi ndoo sitini tu ndizo zitakazojaa. Wewe ni wa hamsini na nane, kaa. Mimi wa sitini na tatu, naenda zangu. Na kweli, ya sitini ilipojaa, koki zikakoroma, zikafungwa, basi.

Hamudi alikuwepo, akacheka mpaka akashika magoti. "Mama Wema, si ndilo swali la saba hilo?"

Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, nikakaa chini na kalamu. Saa kumi na mbili! Linajaa kwa saa kumi na mbili! Nilipiga kigelegele peke yangu, Silvesta akatoka nje kuuliza nani kajifungua.

Basi usifute kitu, wala usisogeze. Nimeshajiandikisha. Novemba nakuja, na vidole nitanawa. Ila ndugu yangu, bomba la chini lifunge.