Chumvi Kwenye Kikopo cha Ugoro

Jumatatu, 6 Machi 2006. Bungoma.
Miaka kumi na minne tangu mapigano yatukimbize shambani kwetu Kachibora. Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya mjukuu wangu, nyumbani kwa mwanangu Mbogo, Kitale. Kisu cha kugawa mbuzi hushikwa na mkubwa wa ukoo. Yaani mimi! Kutoka pale nitapitia Kachibora nione mikaratusi niliyopanda. Lakini mke wangu Nyaruai ameapa: presha isiposhuka kliniki ya Alhamisi, siendi. Kisu atashika mdogo wangu Muigai, anayepasua mbuzi kama kuni.

Jumanne, 7 Machi.
Sista Rosaline wa kliniki alishanieleza. Kisukari huchakaza mishipa, presha na mafuta humalizia kazi, kisha ni moyo au kiharusi. Tiba: vidonge, kutembea, chumvi kidogo. Hoja safi kabisa. Mboga ya managu bila chumvi, hata hivyo, ni adhabu. Nyaruai ameifungia sandukuni. Nilishachota! Imo kwenye kikopo changu cha ugoro, kitu pekee nilichotoka nacho Kachibora. Ugoro niliacha zamani, kikopo sikuweza. Nani atakifungua?

Jumatano, 8 Machi.
Mbinu mpya: kunyamaza kutwa nzima, damu ipoe. Maafa! Nyaruai aliniuliza kama nataka uji. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akaita majirani. Nikaamriwa nitabasamu. Nikatabasamu upande mmoja, maana upande wa pili ulikuwa na yai la kuchemsha, zima, lenye chumvi. Jirani yangu Wakoli akapiga kelele ati si hicho ni kiharusi, bana, uso wa mzee umeshapinda! Nikapelekwa kliniki kwa toroli, nikitafuna haraka.

Presha: juu. Wakoli akaona kikopo mfukoni mwangu na kuomba ugoro atulize roho. Mzee hamnyimi mzee mwenzake ugoro. Afadhali umnyime kiti. Nikampa. Akavuta kwa pua zote mbili. Kilio kilifika hadi mji wa Misikhu! Sista akaonja kwa ncha ya ulimi, akauliza kwa upole kama Kachibora ugoro wote huwa mweupe. Nyaruai akanikodolea macho hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Hapo nikaanza kuogopa kiharusi: chake. Safari imekufa.

Ijumaa, 10 Machi.
Muigai kaja kuuliza paja ni la nani, mbavu za nani. Nimemdanganya kila kiungo.

Jumapili, 12 Machi.
Mbogo amepiga simu. Ati wageni hawajawahi kuona mgao wa ukarimu namna ile! Kuanzia sasa kisu ni cha Muigai. Nikaulizia mikaratusi yangu. Ilikatwa yote, hata visiki vimeng'olewa.

Sista Rosaline amenipa kijisanduku cha vidonge: vyumba saba, kila siku na kifuniko chake. Chombo cha ajabu. Nikivisongamanisha, vidonge vyote vinaingia vyumba vya Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi hadi Jumapili panatosha chumvi.

Kliniki nitarudi, Nyaruai akinishika mkono. Kachibora sitarudi.