Kigari Chekundu cha Fundi Maneno

Fundi Maneno alikuwa na sheria moja katika kibanda chake cha kutengeneza vigari vya rimoti: hafungui kigari mbele ya mteja. Tairi likigoma, mara nyingi ni nywele za zuliani zimejisokota kwenye ekseli. Unazivuta kwa kibano, basi. Sasa mteja akiona hivyo, utamtoza nini? Kwa hiyo kila mara aliingia nyuma ya pazia, akavuta nywele, akapiga mluzi kupoteza muda, kisha akatoka na gia iliyovunjika, ile ile tangu afungue kibanda. "Hii ndiyo iliyokuwa ikimtesa mgonjwa," alisema kwa huzuni ya kuigiza.

"Fundi gani mimi?" alizoea kujiuliza akijitazama kwenye kioo. "Mimi ni kinyozi wa magari."

Siku moja akaingia bibi mmoja, mkoba kwapani, amebeba kigari cheusi kinachong'aa. Tairi zote zimeganda. Fundi Maneno alipokipokea, mikono ikashuka kwa uzito. Kizito hivi lazima kina mota ya maana! Akaamua palepale kuichomoa na kupachika mbovu.

"Bibi, huyu ni wa kulazwa. Njoo kesho."

"Kesho? Mjukuu wangu atalia mpaka majirani waje. Niazime kile chekundu, mwanangu."

Fundi Maneno akageuka kukitazama kigari chake chekundu rafuni. Hicho ndicho kilichokuwa roho yake. Alikiunda mwenyewe, kazi pekee ya halali aliyowahi kuifanya, na kila jioni kikikimbia uwanjani ndicho kilichomletea wateja.

"Hicho siazimi, Bibi."

"Basi nipe changu, nikamjaribu fundi wa ng'ambo ya barabara. Yeye anafungua mbele ya watu."

"Mbona haraka, Bibi? Kichukue, kichukue! Msalimie mjukuu."

"Na changu hukifungui kwanza, tukaona pamoja?"

"Mbele ya mteja? Hapana, Bibi. Mambo ya hospitali hayo."

Bibi akatabasamu, akamshukuru sana, akaondoka na roho ya watu kwapani.

Nyuma ya pazia, Fundi Maneno akafungua skrubu huku akijipigia mluzi. Mluzi ukakatika. Hamna mota, hamna gia. Kulikuwa na jiwe, na tairi zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Juu ya jiwe limewekwa fungu la nywele, limefungwa utepe vizuri kabisa.

Ndipo akamkumbuka. Bibi huyo alishawahi kuonyeshwa gia ile ile iliyovunjika na kutozwa pesa ya gia mpya. Tairi lilipogoma tena, bila shaka alikifungua kigari mwenyewe, akakuta nywele.

Akatoka mbio hadi barabarani. Bibi hayupo. Akawaza kupiga kelele za mwizi, lakini watu wangeuliza kisa, na kisa kilikuwa na nywele. Akarudi taratibu.

Mteja mwingine alikuwa akimsubiri kibandani. "Fundi, kile chekundu leo kiko wapi?"

"Kimelazwa," akajibu, akiishika ile gia yake iliyovunjika.

Safari hii huzuni haikuwa ya kuigiza.