Ombi la Kurudishiwa Makohozi ya Baba Agapiti

Ndugu Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya Kijiji.

YAH: KOO LA MUME WANGU ULILOLITIBU BILA KUNISHIRIKISHA

Shikamoo. Kwa umri ni wewe ungeniamkia mimi, lakini hii ni ya ofisi.

Mimi ni Mama Agapiti, mke wa Felician wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe, yule aliyekuja kwako na makohozi yasiyokwisha kooni. Uliogopa yasimkute ya kaka yake Amosi, tuliyemzika kwa kifua. Ulimweleza kuwa vumbi la mawe linakereketa koo, nalo koo linatengeneza ute wa kujikinga. Tena kushiba ugali na kulala hapo hapo kunapandisha tindikali ya tumbo hadi kooni na kuuongeza ute huo. Ukampima kifua, ukamwambia avae barakoa, ayalowanishe mawe kabla ya kusaga, anywe maji ya vuguvugu, aache sigara. Mkaidi yule, ambaye mimi namsema miaka yote hanisikii, wewe alikusikia siku moja. Amepona. Hayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Huku kwetu mwanaume hafiki uani kimya kimya. Baba Agapiti alikuwa akianza kukohoa toka kwenye ua wa minyaa, nami nainjika maji ya kuoga. Sasa anaingia kama paka. Juzi alinikuta na jirani yangu Mama Mwigulu tukimjadili yeye mwenyewe, tena tumefika patamu.

2. Mama yangu mzazi anakaa nasi. Kwa heshima ya ukwe, yeye na mkwewe hawakutani uso kwa uso, na kile kikohozi ndicho kilichokuwa kikimwonya mama ampishe njia. Jumapili alikutwa amenyoosha miguu anatafuna michembe, vile viazi vikavu. Alikimbilia bandani kwa mbuzi akagoma kutoka. Sasa anatishia kuhamia kwa kaka yangu kule Kahama, na ukoo ukiuliza, nitamtaja nani kama si wewe?

3. Chakula cha jioni tunakula jua likiwaka. Mto wangu umewekwa juu ya wake, eti kichwa kiinuke, tindikali isipande. Mimi nalalia kanga.

4. Watoto wanaharibika. Zamani koo likisikika nje, madaftari yanafunguliwa. Siku hizi baba anawakuta wanacheza mpira, na badala ya kuwagombeza anaingia golini.

Unaona basi, umemponya mtu mmoja ukaiuguza kaya nzima. Kwa heshima naomba umrudishie makohozi yake, japo nusu, ya jioni tu. Ikishindikana, zahanati itoe kengele ya ng'ombe, nitamvisha mwenyewe. Na wanaume wengine utakaowatibu, ofisi yako iwatangulizie mpiga ngoma hadi mlangoni ili wake zao wajiandae.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mama anayefagia.

Mimi niliyenyimwa hodi nyumbani kwangu,
Serafina (Mama Agapiti)

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, nikasikia mtu anaimba zizini. Nikadhani redio. Kumbe ni Baba Agapiti, anakamua ng'ombe na anaimba wimbo wa Pasaka mpaka mwisho bila kukata pumzi. Alikuwa sauti ya tatu kwenye kwaya ya parokia nilipompenda, na tangu aanze karasha sikumsikia tena. Mganga, nimelia. Naomba usimrudishie chochote. Jumatatu namleta mwenyewe umpime tena kifua.